Re: Pedi za kufua hazikauki, nirudi za dukani?
Mambo mdogo wangu, nimekuelewa, pedi zako za kitambaa hazikauki na baridi ya Makete, zinanuka na sasa unawashwa. Kwanza usivae yenye unyevu hata kidogo, fangasi wanapenda hapohapo, na huo muwasho nenda zahanati waangalie, usijipake dawa za kubahatisha.

Mi niko Uyole, hii baridi ya Juni na Julai naijua, naloweka maji ya baridi maana ya moto yanagandisha damu kwenye kitambaa, nafua bila ile dawa ya kulainisha nguo, nasuuza mpaka maji yatoke safi, nakamulia ndani ya taulo kavu ndo naanika juani waziwazi. Jamani tuache kuzificha chini ya kanga, hazikauki! Siku ya mawingu napiga pasi, ila angalia kama ina nailoni ndani usipige itayeyuka. Na ukinunua tena chukua zile zinazokunjuka, nene hazikauki katikati.

Kwa baridi ya huko kikombe cha hedhi cha silikoni, kile unachokiingiza ukeni kikinge damu, naona kitakufaa zaidi, unakichemsha kabla na baada ya hedhi, unamwaga kabla masaa 12 hayajapita, na kinadumu miaka. Za dukani weka chache za akiba tu.