Mayai ya Pasaka na Mungu wa Kike wa Babeli

SWALI: Mwenzangu kazini anasema Pasaka si ya Wakristo, eti ni sikukuu ya Ishtar, mungu wa kike wa Babeli, ndiyo maana kuna mayai na sungura. Mwaka jana niliwapakia wanangu mayai rangi. Je, niliabudu sanamu bila kujua?
Mama wa Watatu, Likoni

JIBU: Hapana, dada yangu. Hebu litamke hilo neno: Pasaka. Linatokana na Pesach, sikukuu ya Wayahudi ya kukumbuka kutoka Misri, na Yesu alisulubiwa majira hayo hayo. Mzizi uliotangulia Ukristo upo, tena haukufichwa, umo ndani ya Injili.

Ishtar ameletwa na mlio wa jina la Kiingereza, Easter. Hoja hiyo ilienezwa na Alexander Hislop, mchungaji wa Scotland, miaka ya 1850. Lakini mwaka 725 mtawa Bede alikwisha kuandika kwamba Waingereza wa kale walikuwa na mwezi ulioitwa kwa jina la Eostre, mungu wao wa kike. Huyo ndiye wa kuulizia, si wa Babeli. Na Bede hakutaja yai wala sungura. Isitoshe, karne ya 2 Wakristo wa Asia Ndogo walikuwa tayari wakiadhimisha Pasaka, Waingereza hao hawajahubiriwa bado. Sikukuu iliwafikia ikiwa kamili, wao wakaiita kwa jina la mwezi wao.

Sungura ni desturi ya Wajerumani, imeandikwa tangu 1682. Kwangu hajawahi kuingia.

Yai ndilo ninalolipenda. Zamani Kanisa la Ulaya lilikataza mayai wakati wa Kwaresima, na kuku hajui mfungo, anataga tu. Mayai yakarundikana hadi Pasaka. Marehemu mama, kwetu Kisauni, alikuwa akijinyima hivyo hivyo. Mayai aliyaweka kwenye kikapu cha ukili, na Jumamosi Kuu akayatia moja moja kwenye bakuli la maji. Linaloelea, anatupa. Linalozama, linaingia sufuriani pamoja na maganda ya vitunguu.

Basi mwaka huu usinunue rangi. Waombe wauza vitunguu wa Kongowea maganda, watakupa bure. Tia konzi mbili kwa mayai sita, uyachemshe polepole, halafu yaache humo humo hadi maji yapoe. Yatatoka mekundu ya udongo, na wanao watayagombania.