Jeni huingiliana, hukamilishana au hufichana?

Swali: Mwalimu, naandaa somo la urithi wa mimea kwa Kiswahili. Niliandika "jeni mbili zinaingiliana kutoa rangi ya ua" na darasa zima likacheka. Je, niandike "zinashirikiana"?

Jibu: Wanafunzi wako wameisikia ile maana nyingine ya kuingiliana, ya kimwili, na katika somo la uchavushaji maana hiyo haiko mbali. Nomino "mwingiliano" imekwisha kukubalika na kwenye kichwa cha somo inafaa. Shida iko ndani ya sentensi. Kiambishi -an- hudai kutendeana: "walipigana" maana yake huyu alimpiga yule, na yule akampiga huyu. Basi uliza kwanza, jeni zako zinatendeana nini?

Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Cambridge, Uingereza, mwanabiolojia William Bateson na wenzake walichukua njegere za mapambo, zile za maua yanayonukia, si za kuliwa. Walichavusha mimea ya maua meupe kwa chavua ya mimea mingine ya maua meupe. Kizazi cha kwanza chote kikatoa maua ya zambarau! Katika kizazi cha pili, kwa kila mimea 16, wastani wa 9 ilikuwa na maua ya zambarau na 7 meupe. Sababu ni kwamba rangi ile hutengenezwa kwa hatua, na kila jeni ina hatua yake. Mmea ukikosa nakala inayofanya kazi ya jeni mojawapo, safari ya rangi hukatika njiani na ua hubaki jeupe. Hapo kitenzi ni "kukamilishana". "Kushirikiana" si kosa, ila washirika watatu mmoja akiugua, wawili huendelea na kazi. Jeni hizi haziwezi, na msomaji anastahili kulisikia hilo katika kitenzi chenyewe.

Si kila mara -an- inafaa. Katika maboga fulani, jeni moja ikiwa na aina yake tawala (ile inayojitokeza hata ikiwa nakala moja tu), tunda huwa jeupe, hata kama jeni ya pili inaelekeza rangi ya njano au ya kijani. Uwiano wake ni 12 meupe, 3 ya njano, 1 la kijani. Ukiandika "hufichana" umepotosha biolojia, kwa kuwa ile ya pili haifichi chochote. Andika "jeni hii huificha ile": mtenda mmoja, mtendwa mmoja.

Kwa hiyo, kwa njegere: "Jeni mbili hukamilishana kutoa rangi ya zambarau, ikikosekana moja, ua huwa jeupe."

Nimeona pia umeandika "mmea mzazi unarithi rangi kwa watoto". Mzazi hurithisha, mtoto hurithi, rangi hurithiwa. Na tafadhali, "jeni hizi", si "majeni haya".