Maji yanapaa, sukari inabaki

Swali: Wapendwa wahariri, napika bia nyumbani kwa kimea cha shayiri. Kila mara naanza na lita 27 za maji ya kimea yakiwa moto sufuriani, na sampuli ikipoa haidromita (kipimo cha uzito wa maji yenye sukari) inasoma 1.043. Nachemsha saa moja. Lengo langu ni 1.050, lakini mara ya kwanza nilipata 1.046, mara ya pili 1.054, na vipimo vya kimea ni vile vile. Nakosea wapi?
*Msomaji, Nairobi*

Jibu: Kimea chako hakina kosa. Kilichobadilika ni kiasi cha maji yaliyopaa. Sukari haipai na mvuke, kwa hiyo ukizidisha tarakimu mbili za mwisho za haidromita kwa lita, jibu halibadiliki tangu mwanzo wa mchemko hadi mwisho. Tahadhari moja: maji yanayochemka yametanuka kwa takriban asilimia 4, hivyo lita zako 27 za moto ni 26 tu zikipoa. Basi 43 mara 26 ni 1,118. Gawa kwa 50, unapata lita 22.4. Hapo ndipo pa kusimama.

Mara ya kwanza ulibaki na lita 24.3, maana yake zilipaa 1.7 tu. Mara ya pili ulibaki na 20.7, zikapaa 5.3. Tofauti kubwa kiasi hicho huletwa na kifuniko kilichoachwa nusu wazi au moto uliopandishwa na kushushwa. Kifuniko kiondoe kabisa. Mvuke ukiganda chini yake, matone hurudi sufuriani pamoja na daimethili salfaidi, kitu kinachoipa bia harufu ya mahindi yaliyochemshwa, hasa ukitumia kimea cheupe.

Kabla ya pishi lijalo, chemsha maji matupu kwa saa moja kwenye sufuria na jiko hilo hilo, moto ukiwa ule unaoweza kuurudia, ukapime yaliyopungua. Unahitaji lita 3.6 kwa saa. Kupandisha moto hadi maji yaruke hakufai: povu humwagika, kitako huungua na rangi hukolea. Wanaotumia hita ya umeme wajue kuwa kila lita inayopaa inakula karibu uniti 0.63, mbali na joto linalopotea pembeni.

Kisha chonga kijiti chenye alama za lita, ukisimamishe wima sufuriani. Kwa vipimo vya moto, kisome 27 mwanzoni, 25.2 baada ya nusu saa, na 23.3 mwishoni. Zima jiko kidogo kabla ya kusoma, maana mapovu hudanganya. Kabla ya kuchota sampuli ya kwanza koroga vizuri, kwa sababu maji mazito ya mkamuo wa kwanza, yaani yale ya mwanzo kutoka kwenye kimea, hukaa chini. Sampuli ipoe hadi nyuzi 20, au lile joto lililoandikwa kwenye haidromita yako.

Swali: Nikigundua mwishoni kwamba imezidi au imepungua, nifanyeje? Na huku juu maji yanachemka mapema. Je, hiyo inapunguza mvuke?

Jibu: Ikifika 1.054, ongeza lita 1.7 za maji yaliyochemshwa. Uchungu wa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, nao utapungua kidogo. Ikibaki 1.046, ungehitaji dakika 32 zaidi kwa kasi ya lita 3.6 kwa saa, na tungekushauri usifanye hivyo baada ya hopsi za harufu kuingia: harufu itapaa na uchungu utaongezeka. Tia gramu 250 za sukari ya kawaida, uikoroge hadi iyeyuke. Itapandisha alama nne kwenye lita 24.3, ingawa bia itakuwa nyepesi kidogo mdomoni. Njia bora ni kupima mapema. Ukiona pungufu kabla hujatia hopsi ya kwanza, anza kuchemsha bila hopsi, kisha hesabu saa yako moja kuanzia zinapoingia.

Kuhusu mwinuko, Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94. Mvuke hautegemei hilo, unategemea joto ambalo jiko linaingiza. Kinachoathirika ni uchungu: hopsi hutoa uchungu polepole zaidi kwenye nyuzi 94 kuliko 100, kwa hiyo kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya pwani kitakupa bia isiyo chungu vya kutosha. Ongeza hopsi za mwanzo badala ya kurefusha mchemko, la sivyo hesabu yako ya lita itaharibika tena.