Ukilala selo moja na muuaji asiyejuta

Kitu cha kwanza atakachotafuta kwako ni undugu. Nawaambia vijana wa siasa hapa Arusha, ambao huenda siku moja wakalala ndani kama nilivyolala mimi: mtu wa namna hiyo hatakutisha. Atakusogezea nafasi ya kulala, atakukatia kipande cha sabuni, kisha atakwambia, “Mdogo wangu, mimi na wewe ni wafungwa wa siasa.”

Mimi niliwekwa mahabusu kwa mkutano ulioambiwa hauna kibali. Dhamana ikapigwa danadana, na kila baada ya siku 14 karandinga linatupeleka mahakamani kusikia kwamba upelelezi haujakamilika. Mzee yule alishikwa kwa kuishi nchini bila vibali. Kwao ni Rwanda. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, alikuwa kwenye kizuizi cha barabarani, na hakuona haja ya kuficha. Alisimulia huku anamega ugali: walikuwa wakikagua vitambulisho, maana kabila liliandikwa humo humo, na aliyeandikwa Mtutsi hakuvuka. “Ilikuwa vita,” akasema, halafu akamwomba nyapara chumvi.

Wengi huniuliza kama nilimwamkia. Ndiyo, kila asubuhi baada ya kuchuchumaa kwa hesabu. Shikamoo ilikuwa ya mvi zake, na humo ndani ukianza kuchagua wa kumwamkia utagombana na selo nzima. Sabuni yake pia nilipokea. Ila hilo la ufungwa wa siasa nililikataa mbele ya watu, bila kupaza sauti: “Hapana, mzee. Mimi nimeshtakiwa kwa kuongea.” Alicheka, akaniambia bado mtoto. Usiliache neno hilo lipite kwa sababu tu umechoka au unamwonea aibu mtu mzima. Ukinyamaza, kesho atawaambia wageni wa selo kwamba hata wewe mnaelewana.

Usipoteze nguvu kumtafutia majuto. Sisi wa mji huu tulikuwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji hayo ya Rwanda, pale kwenye kituo cha mikutano cha AICC, hadi ilipofungwa mwisho wa 2015. Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali iliyokuwa madarakani wakati wa mauaji yale, alikiri makosa Mei 1998. Septemba akahukumiwa kifungo cha maisha, na majaji wakaandika kwamba hata alipopewa nafasi hakutoa neno la majuto. Baadaye akakata rufaa akitaka kukiri kwenyewe kufutwe. Ikatupwa mwaka 2000. Kama majaji na majoho yao walishindwa, wewe uliyekaa karibu na ndoo ya choo utamtoa nini?

Wala usimuulize kwa nini. Hiyo ndiyo hotuba anayoijua kwa kichwa: rais aliuawa, nchi ilivamiwa, tulijitetea. Ataitoa mpaka taa zizimwe, na wasikilizaji hawakosekani. Muulize vitu vidogo. Kizuizi kilikuwa upande gani wa daraja? Nani alikuwa akileta pombe? Majirani zako walipita saa ngapi? Mzee alijibu mawili matatu ya mwanzo vizuri kabisa. Kwenye majirani akasema kichwa kinamuuma.

Hayo aliyojibu usiyaache humo. Mahakama ya Arusha ilishtaki watu 93, hasa vigogo. Watu wa vizuizini waliachiwa zaidi gacaca, mahakama za jamii kule kwao, nazo zilifungwa 2012. Kwa hiyo usijipe moyo kwamba faili lake lipo mahali. Mimi sikuwa na karatasi wala kalamu, nikawa nayarudia kichwani hadi siku ya mahakama, nikamweleza wakili wangu: jina la kilima, daraja, mwezi, aliyeleta pombe. Akaniuliza kama mzee alisema ameua kwa mkono wake. Hakusema hivyo, na nilimwambia aandike kwamba hakusema.