Ukweni milimani: kwa anayekwenda kuwaona wakwe Zakarpattia

Kama mchumba wako ni wa Kyiv au Odesa, haya hayakuhusu sana. Nawaandikia waliopata wakwe kule juu Zakarpattia, mkoa wa magharibi mwa Ukraine, kwenye milima ya Carpathia karibu na mpaka wa Romania: Rakhiv, Kvasy, Yasinia, na vitongoji ambavyo nyumba zimetawanyika miteremkoni. Wenyeji ni Wahutsul, na mimi Mswahili wa Tanga ni mkwe wao.

Ndege hakuna. Anga ya Ukraine imefungwa kwa ndege za abiria tangu Februari 2022. Mimi hupitia Romania hadi Sighetu Marmației, navuka daraja la mto Tysa kuingia Solotvyno, kisha barabara inapanda kuelekea Rakhiv. Mto huo ndio mpaka, na wapo wanaume waliokufa maji wakijaribu kuuvuka ili kukwepa jeshi. Kwa hiyo askari watakusimamisha, tena huenda zaidi ya mara moja. Pasipoti iwe mfukoni, simu isipige picha, na usishuke mtoni eti kunawa uso.

Ukifika, ulizia saa. Katika karne ya 20 eneo hili lilipita mikononi mwa Austria-Hungaria, Chekoslovakia, Hungaria na Wasovieti, na wengi bado huishi kwa saa ya Ulaya ya Kati, nyuma ya Kyiv kwa saa moja. Basi na ofisi hufuata Kyiv; jirani anayekualika chakula hufuata ya kwao. Sisi tunaoahidiana “saa mbili ya Kiswahili” hatuna haki ya kushangaa.

Chakula hakitakusumbua. Kulesha ni ugali wa mahindi, mgumu kiasi cha kukatwa kwa uzi. Banosh ni unga huohuo uliopikwa kwa krimu chachu, juu yake jibini ya kondoo iitwayo bryndza. Waislamu wenzangu waangalie: mara nyingi humwagiwa mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa. Mwambie mama mkwe mapema, kabla hajainjika sufuria. Pombe nayo ni hivyo hivyo. Ukisema “kidogo tu” umekwisha, maana hicho kidogo hujazwa upya kila anaposimama mtu kuwatakia wenzake heri. Sema dini hairuhusu, mara moja, bila kujieleza sana. Utamiminiwa uzvar, kinywaji cha matunda makavu, na utanyanyua gilasi kama wengine.

Lakini kinachomfanya mkwe ahesabiwe mtu ni kazi. Nenda Julai. Majani ya kulisha ng'ombe majira yote ya baridi hukatwa wakati huo, na sehemu nyingi kwa mikono, kwa kuwa mteremko ni mkali mno kwa trekta. Watu huanza alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka, kwa sababu nyasi yenye umande hukatika vizuri. Kisha hutandazwa, hugeuzwa, na hurundikwa kuzunguka mti uliosimikwa, wote wakitazama mawingu kwa wasiwasi. Usiombe mundu mrefu siku ya kwanza. Wakataji hujipanga safu moja na asiyeuzoea anaweza kumkata mwenzake mguu. Omba reki. Reki haina siri, inawapunguzia kazi kina mama, na jioni jina lako litatajwa kwa majirani. Nawajua waliokwenda kukaa barazani na kupiga picha ya Hoverla, mlima wa mita 2,061. Walipokewa vizuri, wakasahauliwa vizuri.

Kuhusu vita, kaa kimya kwanza. Baadhi ya wanaume wako jeshini. Wengine walikuwa wameshatangulia Ucheki kutafuta riziki. Usiulize shemeji yuko wapi, utaambiwa. Makaburini utaona bendera za buluu na njano. Msafara wa askari aliyeuawa ukipita, watu hupiga magoti kando ya barabara, nawe piga. Uchambuzi uliousikiliza YouTube ukiwa Dar uuache hukohuko Dar. Na ninyi kaka zangu mliosoma Kharkiv enzi zile, mkabaki na Kirusi chenu kizuri: anzeni na “Dobryi den”, yaani siku njema kwa Kiukraine, hata kama sentensi ya pili itaharibika. Wazee huamkiana kwa kumsifu Yesu Kristo, lakini “Dobryi den” ya mgeni haimkwazi mtu.

Umeme hukatika, kwa hiyo beba pawabenki. Jiko la kuni ndani ya nyumba litakutunza.

Zawadi iwe kahawa. Watu wa Zakarpattia ni wanywaji hasa, si wa kuonjaonja, na ya Kilimanjaro iliyosagwa huisha kabla hujaondoka. Maua ya mama mkwe yawe idadi ya witiri; shufwa ni ya msibani. Kanga nazo wanazipenda, ila usije ukaipasua jozi ukampa mama mkwe kipande na dada yake kipande. Kila mmoja na doti yake.