Kipepeo wa Sahara anaishije wakati wa ukame?

Ndugu, umeuliza yule kipepeo wa manjano mwenye mikia anaishije jangwani, mahali ambapo maua hukosekana kwa miezi mingi. Kwa maelezo uliyotoa, huyo ni Papilio saharae, apatikanaye Afrika ya Kaskazini, kuanzia Moroko hadi Misri, na pia Bara Arabu. Mabawa yake ya manjano yana michirizi myeusi. La nyuma lina ukanda wa buluu, doa jekundu upande wa ndani, na mkia ambao kwa kawaida ni mfupi kuliko wa Papilio machaon wa Ulaya, ambaye wengi humchanganya naye.

Jike hutaga mayai moja moja juu ya mimea ya jamii ya karoti, hasa Deverra, kichaka chenye vijiti vya kijani na karibu hakina majani, kiotacho kwenye mabonde makavu. Mtafute huko, si kwenye matuta ya mchanga mtupu. Kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege. Akishakua, ukimgusa huchomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali.

Jibu la swali lako, hata hivyo, limo katika hatua ya pupa, yaani hatua iliyo kati ya kiwavi na kipepeo. Pupa hujifunga kwenye kijiti kwa uzi wa hariri, na mvua zisiponyesha huweza kukaa hivyo zaidi ya mwaka mmoja bila kula wala kunywa, hadi hali itakaporuhusu kipepeo kutoka.