Shangazi, wajukuu wanaboreka kwangu kijijini na nimeshakopa kikoba kwa ajili yao

Shangazi habari za kazi. Mimi ni bibi wa miaka 64, naishi na mzee wangu kijijini huku njia ya Tanga kwenda Pangani. Mtoto wetu wa kiume yuko Dar na kila Desemba anatuletea wanawe watatu, msichana wa miaka 13, wa kiume wa 9 na kadogo ka miaka 5, ka kiume pia. Mwaka jana walikaa wiki tatu na kutwa nzima ni simu na tableti, bando likiisha ni kelele, muhogo hawataki, choo cha nje wanaogopa. Mkubwa nikamsikia anamwambia mama yake kwenye simu, mama huku hakuna kitu. Iliniuma mpaka leo. Sasa mwaka huu nimekopa kikoba laki mbili ninunue soseji, soda, juisi za boksi na nilipie king'amuzi, mzee kakasirika hasemi na mimi vizuri. Mkwe naye kasema labda waje siku nne tu kwa sababu yule mdogo alirudi na malaria. Nifanye nini ili wapende kwetu? Nawapenda sana wajukuu zangu Shangazi. Bibi wa njia ya Pangani.

Shikamoo mama yangu. Barua yako nimeisoma yote, na kabla ya kitu kingine nianze na hiyo laki mbili. Kama bado ipo, au hata nusu yake ipo, irudishe kwenye kikoba wiki hii hii. Riba ya kikoba unaijua kuliko mimi, Desemba itapita, watoto watarudi zao Dar, Januari wewe ndo utabaki unahangaika na marejesho, unauza nazi kwa bei ya hasara na mzee bado kanuna. Soseji mama wanakula kwao, king'amuzi wanacho sebuleni kwao, hakuna mtoto wa kupanda basi Dar akapita Chalinze, Segera, Muheza mpaka Tanga halafu afurahi kukuta katuni zilezile alizoziacha nyumbani.

Hilo neno la mjukuu usiliweke moyoni kama tusi. Jiulize siku zile wiki tatu zilikuwaje. Wewe unaamka alfajiri unafagia uwanja, unachota maji, unakuna nazi, unapika, unaosha vyombo, wao wako kwenye mkeka barazani wanasubiri chai. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe jembe hukulitoa mpaka wanaondoka, kwa mapenzi tu najua, ulitaka wapumzike. Mtoto asiyejua njia ya kisimani, hana rafiki pale kijijini, hakuna mtu anayemwambia hebu njoo nishikie hapa, huyo atashika simu hata ungekuwa wewe ungeshika. Aliposema hakuna kitu mimi nasikia hakuna kitu cha mimi kufanya. Kwa hiyo jibu langu ni moja tu mama, waingize kwenye kazi za nyumba na za shamba kuanzia kesho yake ya kufika, siyo kazi za kutesa, kazi za kweli ambazo zisipofanyika mnalala bila mboga.

Mzee sasa. Umeniambia kakasirika kwa ajili ya mkopo na nakubali, lakini naona na kingine, kwenye barua nzima mzee hana nafasi na hawa watoto, umepanga soda, umepanga king'amuzi, yeye hujamuuliza anataka kufanya nini na wajukuu zake. Yule wa miaka 9 mkabidhi kwake. Aende naye shamba, afundishwe kufua nazi kwenye kifuo, mzee mwenyewe akiwa amesimama pale pale maana kile chuma hakina mchezo. Ampeleke pwani maji yakipwa amwonyeshe wavuvi wanatoa nini kwenye madema. Amfundishe kuhesabu maji, kwamba yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku na kila siku yanachelewa karibu dakika 50, kwamba mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndo bamvua, maji yanaenda mbali sana na kurudi kwa nguvu, katikati hapo ni maji mafu. Mtoto wa Dar akilijua hilo ataanza yeye kuwaamsha asubuhi twende babu maji yamepwa.

Na mna vitu huko njia ya Pangani ambavyo watoto wengine wanavisoma kwenye vitabu. Silikanti, yule samaki ambaye wataalamu wa dunia nzima walikuwa wanajua ameisha tangu enzi za dainosa mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini 1938, kwenu ameingia kwenye nyavu za Kigombe mara kadhaa kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 na ndo sababu ya ile hifadhi ya bahari ya silikanti iliyoanzishwa 2009. Tongoni pale barabarani kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya mamia ya miaka, zile nguzo zilikuwa zimepachikwa vyombo vya kaure vya Uchina, siku moja panda nao daladala uwapeleke. Na kama mzee alifanya kazi kwenye mkonge, kama wazee wengi wa Tanga, basi awasimulie alivyoamka saa kumi usiku kwenda kukata, mashine ya korona ya kuchakata mkonge inavyonguruma, na kwamba mkonge wote huo tuliouona Tanga ulitokana na miche 62 tu iliyopona safarini ikapandwa Kikogwe, Pangani, mwaka 1893. Mzee aliyenyamaza ndani ya nyumba mara nyingi ana maneno mengi, hajapata wa kuyasikiliza.

Kale kadogo hakana shida, hako ni mume wako. Utani wa bibi na mjukuu usiuache mama, kaambie mume wangu hujaniletea kuni leo nitapikia nini, mume gani huyu, utakaona kanavyokimbia. Kape kuku wa kulisha na mayai ya kutafuta asubuhi.

Huyu wa miaka 13 ndo nataka tukae hapa kidogo. Mama, miaka 13 mtoto wa kike ana mambo mengine kabisa, inawezekana ameshavunja ungo au yuko njiani, na hofu ya choo cha nje unayoiona kama ubishoo wa mjini huenda ni aibu. Anabadilisha wapi? Pedi iliyotumika anaitupa wapi? Maji atayapata vipi bila kumpita babu yake amekaa barazani? Hawezi kukuambia kama hujamfungulia mlango. Kwa hiyo fanya hivi, weka komeo la ndani chooni, weka ndoo ya maji na kopo na sabuni humo humo, taa ya sola ya kubeba mkononi, na pedi paketi moja weka chumbani kwake bila kusema neno mbele za watu. Gharama yake ni ndogo kuliko hiyo laki mbili. Halafu siku ya pili au ya tatu mchukue ninyi wawili tu, mkae jikoni mnakuna nazi au ufundishe kusuka ukili, mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka wenyewe, umsimulie ya kwako ulipokuwa msichana, nani alikuambia, uliogopa nini. Usimhoji. Kwetu pwani haya mambo hayakuwa ya mama mzazi, yalikuwa ya bibi na somo, yule mwanamke anayemfunda msichana, mama anamwonea mtoto aibu na mtoto anamwonea mama aibu, bibi ndo hana aibu. Saivi wasichana wanafundishwa na simu mama, na simu haichagui cha kumfundisha. Hiyo nafasi ni yako na hakuna soseji inayoweza kuishika.

Simu yenyewe usimnyang'anye, mtagombana bure. Kubalianeni na mzee na baba yao kabla hawajafika, mfano simu ni baada ya chakula cha mchana mpaka alasiri, bando likiisha limeisha hakuna wa kuongeza. Na usiku mkishakula mwambie huyo mkubwa akurekodi unavyotoa hadithi, wewe paukwa, wadogo pakawa, hapo simu nayo imepata kazi na atawaonyesha wenzake shuleni.

Chakula usipike viwili. Kama muhogo wa nazi ndo umepikwa basi ndo huo, ila aliyekuna nazi na aliyekamua tui lazima ataonja, mtoto hatupi alichopika yeye. Vitumbua, samaki wa kupaka, madafu, maembe ya Desemba yanaanguka yenyewe, huko kuna njaa gani? Wakigoma siku ya kwanza waache, siku ya pili baada ya kutembea shamba watakula.

Sasa mkwe wako. Nakuomba usimchukulie kwamba anakudharau, mtoto wake aliumwa na malaria ya mtoto wa miaka mitano inatisha, hata mimi ningeogopa. Usimwambie huku wote tumekulia na malaria. Mpigie wewe, usimtume mwanao, umwambie vyandarua vyenye dawa vipo kila kitanda na vimeshonwa palipotoboka, saa kumi na mbili jioni wanavaa mikono mirefu, makopo na vifuu vinavyotuama maji umeviondoa uwanjani, na mtoto akichemka tu mwili siku hiyo hiyo anapelekwa zahanati kupimwa, hakuna kupewa vidonge vilivyobaki kabatini. Muombe atume kadi za bima kama wanazo na aandike kama kuna mtoto mwenye pumu au dawa anayokunywa. Mwambie pia habari ya bahari bila yeye kuuliza, kwamba hakuna mtoto anaingia majini bila babu, na wakienda kwenye miamba wanavaa yeboyebo kwa sababu ya samaki taa na magamba. Akisikia umepanga yote hayo hizo siku nne zitaongezeka.

Na mwanao alete matumizi. Hili nalisema wazi kwa sababu akina mama wengi mnaona aibu, watoto watatu wiki tatu ni unga, ni mchele, ni sabuni, ni mafuta, baba yao anafanya kazi na kama wangebaki Dar angewalisha. Mwambie kabla hajakata tiketi, baba naomba uniachie ya matumizi na nauli ya dharura, basi, siyo ombaomba hiyo. Akituma hela mpe mzee aishike au mshike pamoja, itasaidia na ule ugomvi wenu.

Pia mama una miaka 64, mchana lala. Tafuta binti mmoja wa jirani wa rika la huyo mkubwa awe anashinda hapo, atapata rafiki na wewe utapata mkono wa kukusaidia.

Ya mzee ianze leo, mwambie hela unairudisha na umuulize yeye anataka kuwafanyia nini wajukuu mwaka huu, umsikilize mpaka amalize. Kesho ndo umpigie mkwe, na ukishamaliza habari ya vyandarua mkaribishe na yeye, aje nao zile siku mbili tatu za mwanzo alale hapo, aone choo, aone kisima, aone mlivyojipanga.